Wifi na Mibonyezo Saba

Mimi nina hasira za karibu, na hilo nalisema mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Mume wangu husema nikiamka vibaya hata birika linaogopa kuchemka. Lakini siku ninayotaka kuisimulia, mwenye haki ya kukasirika hakuwa mimi. Alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, na aliyemkosea ni mimi mwenyewe, kwa mkono huu huu wa kulia.

Studio yetu ya picha aliianzisha baba mkwe, Mungu amrehemu. Ni chumba kimoja chenye dirisha la kioo linalotazama barabara, stuli ya kuzunguka, pazia la bluu na jingine jeupe, na kioo cha kujitazamia chenye kitana kilichofungwa kwa kamba, maana vitana vilikuwa vinaondoka na wateja. Nilipoolewa nilikuta kazi ina kanuni zake na baba mkwe akanifundisha zote. Kidevu chini kidogo. Usimwambie mteja acheke, mwulize amekula nini. Na ya mwisho, ile kubwa kuliko zote: wanawake wanang'arishwa.

Zamani yeye alifanya kwa taa na dawa ndani ya chumba cha giza. Siku hizi ni kompyuta. Unaifungua picha, unabonyeza kitufe cha mwanga, na kila mbonyezo uso unapanda weupe kidogo. Wanaume hatuwagusi. Mwanamume mweusi akitoka mweusi anasema picha nzuri, anaenda zake. Mwanamke tunampa mibonyezo mitatu bila kuulizwa, bibi harusi mitano. Makovu, madoa na mikunjo tunafuta bure. Nimefanya hivyo miaka kumi na minne na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Niliona ni adabu ya kazi tu, sawa na kumpangusia mteja stuli kabla hajakaa.

Sasa wifi. Wifi yangu ni mweusi. Sisemi maji ya kunde, nasema mweusi wa kung'aa, na juu ya nyusi ya kushoto ana kovu alilolipata kazini siku mnyororo ulipokatika ukamrukia. Kazi yake ilikuwa kupiga ishara kwenye majengo yanayojengwa. Dereva wa kreni akiwa kule juu haoni mzigo unatua wapi, kwa hiyo lazima awepo mtu chini wa kumwonyesha kwa mikono: pandisha, teremsha, sogeza kushoto, polepole. Mkono ukinyooshwa pembeni, kiganja kikitazama chini, maana yake simama hapo hapo, usitikise hata ukucha. Miaka tisa wifi aliwaongoza wanaume kwa ile mikono yake, na kuendesha kreni kwenyewe akajifunza wakati wa mapumziko, kwa madereva waliopenda kulala. Nyumbani nako haachi. Tukihamisha kabati yeye anasimama katikati ya sebule anapiga ishara, na mume wangu anatii bila kujua kwamba anatii.

Tunaishi na mama mkwe, mama yao. Bibi ana akili timamu na ulimi wa moto, ila macho yake tulikuwa tumeshayakatia tamaa. Ukutani sebuleni kuna picha ishirini na kitu, zote kazi ya studio, na nyingi ni za wifi tangu hajaota meno. Kila bibi akizipita anauliza, "Huyu nani?" Tunamwambia, mama, huyo ni binti yako, hapo yuko darasa la saba. Anasogea, anakodoa, anasema, "Haya, kama mnasema." Tukampeleka kwa daktari wa macho, akapewa miwani minene. Akarudi nayo, akasimama mbele ya ukuta, akapita picha moja moja. "Na huyu nani?" Basi tukaacha kumsumbua.

Mwaka jana yadi moja kubwa ya makontena, nje ya mji, ikatangaza nafasi ya dereva wa kreni. Nafasi yenyewe moja. Wifi alipolisoma lile tangazo alilikunja akaliweka ndani ya kofia yake ngumu ya kazi, na nikajua amelitaka kwa roho yote. Jioni ile aliniambia, "Wifi, nimechoka kuwaonyesha watu njia halafu wao ndio wanaitwa madereva. Nikikosa hii sijui kama nitapata nguvu ya kuomba nyingine."

Akaja studio kupiga picha ya fomu. Alikaa kwenye stuli na shati la kazi lililopigwa pasi, kidevu chini kidogo, nikampiga. Alipotoka nikakaa kwenye kompyuta nikamwangalia na moyo ukanijaa. Nikambonyeza mara tatu. Nikaona haitoshi, mabosi nawajua mimi, nikaongeza mbili za bibi harusi. Halafu, kwa mapenzi tu, nikaongeza mbili nyingine. Kovu nikalifuta. Picha ya kwanza nikaifutilia mbali, kama baba mkwe alivyonifundisha, maana mteja akiiona ile ya kwanza ananuna. Nikachapa picha, nikaitia kwenye bahasha pamoja na fomu, nikaipeleka mwenyewe. Wifi hakuiona.

Mtihani wa kuandika ulifanywa kwa namba tu, bila sura ya mtu. Waliokaa walikuwa thelathini na mmoja, mwanamke yeye peke yake, na akaongoza. Nyumbani tulifurahi mpaka bibi akaamka usingizini kuuliza nani kaoa. Ikabaki kupanda kreni mbele ya wasimamizi. Waliitwa sita, asubuhi moja, na barua ilisema wazi kwamba saa sita kamili wanafunga. Ambaye hajapanda mpaka hapo, amekosa.

Siku hiyo, saa nne na robo, nilikuwa nabishana na mteja mmoja aliyetaka apigwe picha ya pasipoti akiwa na miwani ya jua. Simu ikalia. Ilikuwa wifi.

"Wifi, njoo," akasema. "Wanasema mimi si mimi."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Miaka yote hiyo sikuwahi kuisikia sauti ya wifi ikiwa ndogo. Nikamwacha yule bwana na miwani yake, nikabeba kamera na kompyuta ya mkononi, nikarukia pikipiki ya kukodi. Njiani nilikuwa napanga matusi kwa utaratibu, madogo kwanza.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi ya usajili, kofia ngumu ipo magotini. Ndani, nyuma ya meza yenye feni na marundo ya mafaili, alikaa karani wa usajili, bwana mwenye kipara na kalamu mbili mfukoni. Wanaume watano walikuwa wameshaingia yadini. Nikaanza kwa salamu ili nisionekane mshari.

"Mama, mimi sina ugomvi na mtu," karani akasema, "lakini njoo uone mwenyewe." Akapanga mezani fomu yenye picha, leseni ya wifi, na kitambulisho chake cha zamani. "Nimemwomba kitambulisho kingine, akanipa hivi viwili. Sasa nina wanawake watatu hapa, na yule aliyeko kwenye benchi ni wa nne."

Nikatazama. Kile cha zamani kilikuwa kazi ya baba mkwe. Leseni ilikuwa kazi yangu, enzi mkono haujapata ujasiri. Ya fomu ilikuwa ile ya mapenzi. Kila mmoja alikuwa mweupe kuliko mwenzake, na wifi yangu hakuwa hata mmoja wao.

"Tatizo liko wapi hasa?" nikauliza, ingawa jasho lilikuwa limeshaanza kunitoka.

"Huyu wa kwenye fomu ni mweupe. Na mama huyu ni..." Akatazama dari. "Ni mtu aliyekolea."

"Chai ndiyo inakolea, bwana karani. Sema."

"Ni mweusi, mama."

"Ahsante. Halafu?"

"Halafu ana kovu, na huyu hana. Mwaka jana mtu alimtuma shemeji yake amfanyie mtihani, akaja yeye kupanda kreni, nusura aue watu. Nikapewa onyo mimi. Kwa hiyo nikiona aliyeongoza mtihani ni mwanamke, halafu anakuja mwanamke mwingine, nitafikiri nini?"

"Huyo wa mwaka jana alikuwa mwanamke?"

"La, mwanamume."

"Basi leo wanaume umewakagua?"

"Nimewakagua wote watano," akasema, na hakuwa anadanganya. "Wao wanafanana na picha zao."

Hapo nikanywea. Ni kweli wanafanana, kwa nini wasifanane? Kwenye rundo la fomu zao niliona wawili niliowapiga mimi, na sikuwagusa. Yale matusi niliyoyapanga kwa utaratibu yakakosa pa kwenda, yakanigeukia mwenyewe.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akaja mezani, akaichukua fomu, akaitazama ile picha kwa mara ya kwanza. Wifi amekulia studio. Anajua kanuni kuliko mimi.

"Wifi," akasema polepole, "ulinibonyeza mara ngapi?"

"Saba."

"Saba. Hata baba hakuwahi kupita tano."

"Nilitaka uipate kazi."

"Nani aipate, wifi? Huyu?" Akaigonga picha kwa kidole. "Huyu hajawahi kupanda kreni maisha yake. Huyu hata jua hajapigwa."

Machozi yakanilenga, na mimi si mtu wa kulia mbele ya makarani. Nilimwonea aibu, nikamwonea huruma, na nikajiona mjinga kuliko nilivyowahi kujiona. Karani naye akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Lete picha ya kwanza basi, ile ambayo hujaigusa," akaniambia, sasa kwa upole. "Nikiiona hiyo, tumemaliza."

"Nimeifuta."

Feni ikazunguka. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika kumi na mbili. Mlango wa ndani ukafunguka akatoka mkuu wa yadi, pande la mtu lenye sauti ya kuitia watu walio mbali, na nyuma yake katibu muhtasi wake ameshika daftari. Mkuu akauliza wa sita yuko wapi, mbona watu wanasimama juani wanasubiri. Karani akamweleza. Mkuu akatazama picha, akamtazama wifi, akatazama saa.

"Mimi siwezi kumpandisha mtu nisiyemjua kwenye mashine ya tani arobaini," akasema. "Samahani, mama."

"Nipe dakika kumi," nikasema. "Kosa ni langu. Yeye hakuleta mtu wa kumfanyia mtihani, mimi ndiye niliyemwondoa kwenye uso wake. Nitampiga picha hapa hapa mbele yenu, nimfanye kama nilivyomfanya siku ile, na mtaona wenyewe anatokea nani. Asipotokea huyu wa kwenye fomu, mwite polisi, na mimi nitampa wifi hela ya nauli arudi peke yake."

Mkuu akavuta kiti akakaa. "Dakika kumi," akasema.

Nikamsimamisha wifi ukutani, kando ya kalenda. Nikasahau kumwambia kidevu chini, na yeye hakukishusha. Alinitazama moja kwa moja, amenikasirikia waziwazi. Nikapiga. Nikaiingiza picha kwenye kompyuta, nikaigeuza iwaelekee, nikaanza kubonyeza nikihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. "Hapa ndipo wanawake wote hufika," nikasema. Nne. Tano. "Hapa maharusi." Katibu muhtasi alikuwa ameshasogea, akawa anahesabu pamoja nami bila kujijua. Sita. Saba. Nikalifuta kovu kwa kidole kimoja, nikaiweka fomu kando ya kioo cha kompyuta.

Alikuwa yule yule. Karani alivua miwani akaifuta, akaivaa, akatazama tena.

"Mungu wangu," akasema katibu muhtasi. Akaishika beji iliyoning'inia kifuani mwake, akaitazama. "Na mimi nilipiga kwenu."

"Ni mkono wetu," nikakiri. "Tatu."

"Ndiyo maana yule mlinzi mpya alinizuia getini wiki nzima. Nikamwita mpumbavu mbele ya watu. Kumbe mwenzangu alikuwa anafanya kazi yake."

Mkuu wa yadi akaanza kucheka. Alicheka kwanza kidogo, kama mtu anayejizuia msibani, halafu akaachia. "Hebu na mimi," akasema. "Nibonyeze saba, tuone." Nikampiga, nikambonyeza. Alipofika saba alikuwa kama mtu aliyemwagikiwa na gunia la unga, yamebaki masharubu tu. Katibu muhtasi alilazimika kushika meza. Karani naye alicheka mpaka kalamu moja ikadondoka mfukoni. Hata wifi mdomo ulimcheza, ingawa aliugeuzia ukutani ili nisiuone.

"Mke wangu angeita mlinzi," mkuu akasema akijifuta macho. Kisha akaitazama fomu na uso ukamtulia. "Wanaume miaka yote mnawaacha walivyo?"

"Miaka yote."

Akamgeukia karani. "Bandika picha mpya, ile ambayo haijaguswa. Mama, vaa kofia yako. Una dakika thelathini na moja."

Karani aliichapa kwa mashine ya ofisi, akaibandika kwa gundi, na mimi nikatoka nje mbio nyuma ya wifi kama niliyeambiwa kuna kitu kinagawiwa.

Jaribio lilikuwa hivi: unaliinua kontena tupu, juu yake wameweka ndoo iliyojaa maji mpaka mdomoni, unalipeleka upande wa pili wa yadi, unalitua juu ya alama nne za chokaa. Wanaume watano walikuwa wameshafanya, na chini ya kontena palikuwa pamelowa. Wifi akapanda ngazi za kreni, ngazi themanini na kitu, mimi nikizihesabu na kuomba. Mpiga ishara aliyekuwa chini alikuwa kijana mvivu wa mikono, lakini wifi anajua kazi hiyo kuliko kazi nyingine yoyote duniani, na nusu ya ishara nadhani alizikisia. Kontena likapanda. Likatembea juu ya vichwa vyetu taratibu, bila haraka ya mtu yeyote. Likashuka, likasimama kidogo hewani, likakaa kwenye chokaa. Msimamizi akaweka ngazi, akapanda, akachungulia ndoo. Akachovya kidole. Akatuonyesha kidole kilicholowa: maji yalikuwa bado mpaka mdomoni.

Nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya makontena, na sioni aibu.

Kazi akapewa. Ila mimi wifi hakunisemesha siku tatu. Alikuwa akiomba chumvi mezani kupitia kwa mume wangu. Siku ya nne akaingia studio, akaketi kwenye stuli, akasema yadi inataka picha ya beji.

Nikampiga. Nikakaa kwenye kompyuta, yeye nyuma yangu. Nasema kweli tupu: mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kile kitufe. Miaka kumi na minne si mchezo. Kwenye kioo cha kompyuta nikaona kivuli kinasogea. Nikageuka. Wifi alikuwa amesimama katikati ya studio, mkono ameunyoosha pembeni, kiganja kinatazama chini.

Nikasimama hapo hapo.

"Hivyo," akasema. "Sasa chapa." Na tulipotazamana tukacheka wote wawili, mimi kicheko kikaishia kwenye kilio, yeye akanipa kanga yake nifutie kamasi. Nikamwomba radhi vizuri, kwa maneno, maana nilikuwa sijafanya hivyo. Akasema amenisamehe ila ile saba atanitajia mpaka tuzeeke.

Siku hizi nauliza kwanza. Wapo wanaosema wanataka tatu, na ninawapa, uso ni wao. Ila picha ya kwanza naitunza, na nikiona mtu anaitazama kwa muda mrefu, sisemi kitu, namwacha aitazame.

Ile ya wifi niliichapa na nyingine kubwa, tukaitundika sebuleni kati ya zile ishirini. Jioni bibi akatoka chumbani kwake, miwani kaisahau kitandani, anapapasa ukuta akienda kwenye kiti chake. Alipofika hapo akasimama. Sisi tukatazamana, tukingoja lile swali.

"Mwanangu huyu," akasema. Akainua kidole akagusa kovu la juu ya nyusi. "Kapiga lini? Katoka vizuri."

Bibi akapeleka macho kwenye picha za pembeni, moja baada ya nyingine, tangu ile ya kabla ya meno mpaka ya darasa la saba, miaka yote ya binti yake.

"Na hawa wageni," akauliza, "wanaondoka lini?"

Mume wangu akakohoa, akaenda kuleta stuli. Akapanda, akashika fremu ya kwanza, na wifi akasimama katikati ya sebule akaanza kumpigia ishara: teremsha, polepole, teremsha.